Pete za Pailin

Borith alikuja saa kumi na moja alfajiri,
taa ya mgema wa mipira bado inawaka kipajini,
utomvu umemkaukia vidoleni kama ngozi ya pili.
Nikamchoma. Tone moja, kioo, rangi ya zambarau,
kisha jicho langu la kulia
likashuka ndani ya damu yake.

"Unaona nini, Dada Chanmony?"
Pete, nikamwambia. Naona pete.
Akacheka, meno yakigongana kwa baridi ya homa.
Baba yake alichimba yakuti hapa Pailin miaka kumi na miwili,
aliuosha udongo mwekundu kwa maji na kwa tamaa,
akafa hajamvisha mama pete hata moja.
Na sasa mwana anazo maelfu,
kila pete na kito chake,
kila kito ndani ya chembe ya damu.

Lenzi yangu ni mwaminifu ila haijui koo.
Kwake pete ni pete.
Nikadondosha damu kwenye karatasi, ikakauka,
ikapanda basi la Phnom Penh.

Nikampa dawa. Kwa mkono huu,
siku tatu, kama kitabu kisemavyo,
nikimtazama kooni hadi kidonge kipite.
Siku ya tatu nilihesabu pete sita.
Sita tu! Nikaimba nikiosha vioo.

Siku ya ishirini na sita akarudi amebebwa kwenye machela ya kamba,
na basi lilelile likaleta jibu:
katika tone lile la kwanza
mlikuwa na koo mbili.

Wa kwanza nimemwita Mwepesi.
Kila siku ya pili huvunja mlango wa chembe,
hutoka na wana kumi na sita,
hubisha milango kumi na sita.
Wa pili ni Mzito. Huyu ana ngao,
iliyofuliwa ndani ya mtu mwingine nisiyemjua,
mlinzi wa mihogo labda, labda askari,
aliyemeza nusu ya vidonge akauza nusu.
Ngao nayo ina tumbo. Hulishwa kwanza.
Ndiyo maana Mzito hufika karamuni kachelewa,
akakuta sahani zimelambwa.

Hawatukanani. Hawajuani hata kwa salamu.
Mmoja anakula, mwingine anakosa:
vita yote ndiyo hiyo.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.
Nimelala macho kando ya nyasi, nimezipima joto,
nimezifuta matapishi kwa kanga iliyochakaa,
na leo nabishana na methali:
nyasi hizi zilipona kidogo
kwa kuwa fahali walikuwa wawili.
Mwepesi, muuaji, alikuwa pia komeo mlangoni.
Mimi ndiye niliyelivunja komeo.
Nilifagia ua, nikatandika mkeka,
nikaondoka nikiimba,
na Mzito akaingia nyumba tupu, akavuna peke yake.

Ningefanyaje? Nisimpe?
Mtu anatetemeka mbele yako, mkewe ameshika mguu wa kitanda,
nawe umwambie subiri, waache washindane?
Sijui. Nimemuuliza daktari, naye hajui,
ameandika tu jina la dawa nyingine
iliyoko kabati la juu, maboksi manne.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Haya. Walikuja wageni wawili.
Nje ya chandarua mbu anaimba wimbo wake mmoja,
hajali ni mtoto wa nani atakayembeba kwenda kwa jirani.

Usiku wa pili wa dawa mpya Borith amefumbua macho.
"Bado ni pete?"
Bado. Ila chache.
"Kile kioo cha kwanza, Dada, nipe.
Nikampelekee mama."
Sheria inakataza, vioo ni vya kabati.
Nimekifuta mafuta, nimekikunja kwenye karatasi ya daftari,
nikakiweka chini ya mto wake,
upande wa moyo.